Samaki Yule Alipikwa na Mama Yako

Mwanangu Akinyi,

Umetoka sasa hivi kwenda kumuaga shangazi yako, nami nimefunga hoteli mapema. Wateja wawili walinung'unika, lakini nilipowaambia binti yangu anasafiri kesho, walikunywa chai yao haraka wakaondoka. Nimekaa kwenye meza ya karibu na jiko. Mfuko wako uko hapa miguuni pangu, umeshafungwa. Nikimaliza kuandika nitafungua zipu ya pembeni niiweke barua hii chini ya vile vitambaa vya jikoni alivyokushonea shangazi yako. Utaikuta ukifika Kigali, utakapokuwa unapanga vitu vyako.

Sitakuandikia juu ya sweta wala namba za simu za watu wa kwetu walioko huko. Shangazi yako ameyasema hayo mpaka umeanza kumcheka. Nataka kukuambia jambo moja ambalo ningekuwa nimekuambia zamani kama ningekuwa mtu jasiri.

Wiki tatu zilizopita, ulipokuwa ukiongea kwa simu na yule shefu wa Kigali anayekupa kazi, mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sufuria ya maharagwe. Ulikuwa umemtumia video ya ile sahani yako ndogo ya kufungulia sherehe: kipande cha samaki mbuta ambacho ngozi yake imekauka mpaka inavunjika kama biskuti, kimelala juu ya mboga chungu kidogo na kiduara cha ugali wa mtama, na tone la sosi ya ukwaju pembeni. Alikuuliza ulijifunza wapi kumkaanga samaki namna hiyo. Hukusita hata kidogo. Ulisema, "Nilifundishwa na baba yangu. Hii ni sahani yake, aliibuni mwenyewe akiwa shefu Homa Bay." Kisha ukageuka ukanitazama, ukatabasamu.

Na mimi nikatabasamu. Nikapeleka maharagwe jikoni.

Akinyi, samaki yule alipikwa na mama yako. Mimi nilimnyang'anya sahani yake, nikamkana mbele ya watu, na wiki tatu zilizopita nikamkana tena wakati yeye yuko kaburini na hawezi hata kunitazama. Ndiyo maana ninaandika.

Unajua mama yako alizaliwa Kegonga, kwa watu wa mahindi na ng'ombe. Mimi nilimkuta Isebania akiuza ndizi mbivu karibu na mahali pa kuvukia mpaka. Yeye alikuwa na Kikuria chake, mimi na Kijaluo changu, tukakutana kwenye Kiswahili, na ndicho kilichokuwa lugha ya nyumba yetu mpaka leo. Tulipohamia Homa Bay hakuwa amewahi kumpasua samaki hata mmoja. Alienda sokoni kwa wanawake wanaokaanga, akawaomba wamfundishe. Walicheka. Mmoja alimwambia, "Mkuria na samaki ni wapi na wapi?" Mama yako akacheka pamoja nao, akaketi chini, akaanza kuwatolea samaki wao magamba. Alifanya hivyo majuma mengi bila kuomba chochote, macho yake yakiwa kwenye makarai yao. Mwaka wa pili, wateja walikuwa wanapita makarai ya wengine wakienda kwake.

Mimi wakati huo nilikuwa nimepata kazi katika hoteli kubwa ya ufuoni. Nilikuwa mpishi wa pili. Nilikuwa na koti jeupe lenye vifungo viwili viwili, na nilikuwa nalipiga pasi mwenyewe kwa sababu sikumwamini mtu mwingine. Hapo ndipo nilipoanza kubadilika, polepole, na sikujiona. Nilianza kusikia harufu ya samaki kwenye leso za mama yako. Siku moja nilimnunulia sabuni ya manukato, nikamwambia ni zawadi. Aliipokea kwa mikono miwili, akainusa, akanitazama kidogo, akasema, "Asante, Baba Akinyi." Alijua. Tangu siku hiyo kila jioni alioga kwanza ndipo aje kuniamkua.

Kisha ikaja ile sherehe. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa akinunua dhahabu kule Osiri, mtu wa watu, aliyekuwa anamwoza binti yake. Wageni walikuwa wanatoka Kisumu na Nairobi. Alikuja hotelini akakaa na meneja, nikaitwa. Shefu mkuu alikuwa ameondoka mwezi ule na nafasi yake ilikuwa wazi. Mzee akaniambia, "Sitaki samaki mzima wa kutoa macho kwenye sahani. Nataka kitu kidogo, kizuri, mtu anakula amesimama na hachafui nguo. Lakini kiwe cha ziwa letu." Meneja akanisindikiza mpaka jikoni akasema, "Hii ukiiweza, kofia ya shefu ni yako."

Kile kiduara cha ugali wa mtama kilikuwa wazo langu. Nataka ujue hilo pia, kwa sababu sitaki sasa niseme uongo wa upande mwingine. Nilikata ugali uliopoa kwa mdomo wa glasi nikauchoma mpaka ukawa mgumu nje na laini ndani. Lakini samaki alinishinda. Kwa siku tatu nilijaribu nyumbani, jioni baada ya kazi. Kila nilipoweka mnofu kwenye kikaango, ngozi ilinata. Nikijaribu kuubandua, nyama inakuja huku, ngozi inabaki kule. Uliketi kwenye kigoda ukila vipande vilivyoharibika, ukafurahi sana. Ulikuwa na miaka saba.

Siku ya tatu mama yako alisimama mlangoni, amejipangusa mikono. Akasema, "Unamharakisha."

Nikamwambia, "Hii si ya karai, Mama Akinyi. Hii ni kazi nyingine."

"Samaki ni samaki," akasema, akaja.

Alichukua minofu iliyobaki akaifuta kwa kitambaa kikavu, akabadilisha kitambaa, akaifuta tena. Akainyunyizia chumvi upande wa ngozi, akaiweka kwenye sinia chini ya neti, nje kivulini, upepo wa ziwa ukiipiga. Akaniambia nikae. Tulikaa kama saa nzima, akikusuka nywele. Aliporudi kuitazama, ngozi ilikuwa imekazana kama ya ngoma. Aliacha mafuta yapate moto mpaka yakatoa moshi wa kwanza, akalaza mnofu polepole, ngozi chini, akiuelekeza mbali na mwili wake. Akaukandamiza kidogo kwa ncha za vidole ili usijikunje. Kisha akaondoa mkono, akaacha. Mimi nilikuwa nimeshika mwiko, nataka kugeuza. Alinishika kiwiko. "Akiwa tayari ataachia mwenyewe," akasema. Na kweli aliachia. Mama yako akaugeuza kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi, akauweka kwenye sahani. Nilipouma, ngozi ililia menoni.

Ile sosi ya ukwaju pia ni yake. Alisema mafuta ya mbuta yanahitaji kitu cha kuyakata.

Siku ya sherehe wapishi wawili hawakufika, na nilijua peke yangu sitaweza sahani za watu wote wale. Nilimwomba mama yako aje. Alikuja na lile gauni lake la kijani la kanisani, akavaa aproni juu yake. Sidhani alifikiri anakuja kujificha. Nadhani alifikiri amealikwa. Alisimama kwenye jiko mbele ya vikaango vinne kwa wakati mmoja, na mimi nikawa napanga tu: ugali, mboga, samaki, tone la sosi. Wahudumu walikuwa wanatoka na masinia na kurudi nayo matupu. Mmoja alisema huko nje watu wanawafuata mpaka mlangoni. Mama yako alicheka, jasho linamtiririka. Katika ndoa yetu yote sikumbuki siku nyingine tuliyofanya kazi pamoja namna ile, bega kwa bega, bila kuulizana chochote.

Kisha meneja akaingia na yule mzee, na nyuma yao mama mmoja wa Nairobi, amevaa vizuri sana, ambaye tuliambiwa ana hoteli zake. Alikuwa ameshika sahani mkononi. Akauliza, "Sasa, huyu samaki ni nani amempika?"

Nikasema, "Ni mimi, mama."

Mama yako alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, ameshika mwiko, samaki wakiwa kwenye moto.

Yule mgeni akamtazama. "Na huyu mama je?"

Akinyi, nilikuwa na muda. Nimefikiria mara nyingi kwamba labda niliropoka, labda nilishtuka. Si kweli. Nilikuwa na muda wa kuvuta pumzi. Niliona gauni lake limeloa kwapani, niliona vidole vyake vyenye makovu ya mafuta, nikaona kofia ya shefu, na nikachagua. Nikasema, "Huyu hutuletea samaki kutoka sokoni. Amebaki kutusaidia kuosha vyombo."

Mama yako aligeuza vile vipande vinne vilivyokuwa tayari, akavitoa, akazima moto. Akaweka mwiko mezani. Kisha akaenda kwenye sinki, akafungua bomba, akaanza kuosha sahani.

Alikuwa anaufanya uongo wangu uwe kweli, ili nisiaibike. Yule mgeni alinipa mkono. Mzee alinipigapiga bega. Waliondoka, na mama yako akaendelea kuosha. Zilikuwa sahani nyingi sana. Mimi nilirudi kwenye jiko nikajifanya nina kazi. Niliwasha moto nikakaanga vilivyobaki, nikavigeuza mapema na ngozi ikanata. Hakuna aliyejua ila sisi wawili. Tulikuwa tumepeana mgongo.

Tuliporudi nyumbani ulikimbia kutupokea. Ulimuuliza, "Mama, samaki wa sherehe alikuwa mtamu?" Akakwambia, "Muulize baba yako, yeye ndiye aliyepika." Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Labda unalikumbuka. Labda hapo ndipo ulipoanza kuamini ulichomwambia yule shefu.

Nilipata ile kofia. Mama yako hakunikaripia wala kuninyima chakula, wala hakuacha kuoga kabla ya kuniamkua. Aliendelea na karai lake sokoni. Lakini hakupita tena mbele ya lango la hoteli. Akitoka sokoni alizunguka njia ya juu, mwendo mrefu, na mzigo kichwani, hata mvua ikinyesha. Na nyumbani hakupika samaki tena. Ulikuwa unalia unataka samaki, anakupikia mayai. Wewe ulidhani amechoka na samaki kwa sababu anawauza mchana kutwa. Mimi nilikuacha udhani hivyo.

Kwa miaka sita nilipika sahani ile kila wiki, na kila wiki niliambiwa mimi ni hodari. Nikikwambia sikufurahia nitakuwa nakudanganya. Nilifurahia. Sifa zina utamu wake hata kama si zako, mwanangu, na hilo ndilo linalonitisha zaidi nikikumbuka.

Halafu koo likaanza kumsumbua. Mwanzoni ilikuwa ugali haushuki, kisha wali, kisha hata uji. Ulikuwa shule ya bweni na tulikuficha uzito wa ugonjwa wake mpaka karibu na mwisho. Hilo nalo ni kosa, na nalo naomba unisamehe. Alipolazwa hapa Migori, nilimletea siku moja kipande cha mbuta kwenye kontena. Nilikuwa nimemkausha vizuri, nimengoja, nimefanya kila kitu kama alivyonionyesha. Nilijua hawezi kumeza. Sijui nilikuwa nataka nini. Alifungua kifuniko, akagonga ngozi kwa ukucha, akasikiliza, akatingisha kichwa kwamba ni sawa. Akakifunika.

Nikamwambia, "Mama Akinyi, ile siku ya sherehe."

Akasema, sauti yake ilikuwa imebaki ndogo sana, "Nilidhani utanifuata."

"Wapi?"

"Pale kwenye sinki. Nilisema moyoni, wageni wakitoka atakuja. Hata asiseme kitu, achukue tu kitambaa apanguse. Niliosha polepole. Nilikungoja mpaka sahani ya mwisho."

Sina namna ya kukuandikia nilivyojisikia, na pengine si muhimu. Nilimwomba msamaha. Nililia, na yeye akawa ananitazama kama mtu anayetazama mvua ya mbali. Akasema, "Mimi nilishachoka na jambo hilo. Nililiweka chini zamani. Mwambie tu Akinyi nilikuwa najua kupika."

Nikamwambia nitakwambia. Hilo ndilo lilikuwa ombi lake, Akinyi, na hakuomba kingine. Alifariki siku ya tisa baada ya hapo, na miaka minane imepita.

Utauliza kwa nini sikusema. Kwenye mazishi ulinishika mkono kutoka asubuhi mpaka kaburi likafunikwa, hukuniachia hata nilipotaka kunywa maji. Ulikuwa umebaki na mimi tu. Nikasema nitamwambia akitulia. Ukatulia. Nikaacha kazi ya Homa Bay kwa sababu sikuweza tena kusimama kwenye jiko lile, tukaja hapa Migori tukafungua hii hoteli yetu ya chai na maharagwe, na ukaanza kuniuliza juu ya samaki. Nikakufundisha. Nilikuonyesha vile vitambaa viwili, na neti, na kungoja, na kila nilipofungua kinywa niseme "mama yako alikuwa," nilisikia nikisema "mimi huwa." Ulikuwa unanitazama kwa macho fulani. Sikutaka kuyapoteza. Ni hivyo tu, hakuna sababu nyingine nzuri zaidi ya hiyo.

Kuna jambo moja lake ambalo sikukufundisha kwa sababu mimi sikuliweza. Ulipokuwa unahangaika kujua dakika ya kugeuza, nilikwambia utazame ukingo wa mnofu unavyobadilika rangi. Hiyo ni njia yangu. Mama yako alikuwa hatazami. Alikuwa anasikiliza. Alisema mafuta mwanzoni yanapiga kelele kama mvua juu ya mabati, na maji ya kwenye ngozi yakiisha kelele inashuka, inakuwa kama watu wanaonong'ona chumba cha pili. Hapo ndipo ageuzwe. Siku ile ya sherehe alikuwa anageuza vikaango vinne akiwa ametazama dirishani, na hakukosea hata kimoja. Nimejaribu kwa miaka yote hii na sikusikia tofauti. Nimekuona wewe mara mbili tatu ukiinamisha kichwa juu ya kikaango, na nadhani unasikia bila kujua unachosikiliza.

Huko uendako utasifiwa. Najua mikono yako. Na utakuwa na watu pembeni yako, mwenye kumenya vitunguu, mwenye kuosha sufuria, labda mama fulani ambaye hajasoma lakini anajua kitu ambacho wewe hujui. Sina la kukuamuru. Nakuambia tu kwamba ile pumzi moja kabla ya kujibu ni ndefu kuliko unavyofikiri. Mimi nimeishi ndani yake miaka kumi na tano.

Nilifikiri kukuambia ana kwa ana. Jana ulipokuwa unakunja nguo nilikuja mpaka mlangoni. Ukasema, "Baba, unataka nini?" nikasema nilikuwa natafuta kiberiti. Kwa hiyo hata hii barua ni njia ya mtu mwoga, na unaruhusiwa kunihesabia hivyo. Kesho nitakusindikiza stendi, nitakushikia mfuko, utanikumbatia kama baba unayemjua, na mimi nitakuwa najua kwamba ni mara ya mwisho unanikumbatia namna hiyo. Nisamehe kwa kujiibia kumbatio hilo pia.

Ukishasoma utakuwa na hasira, na ni haki yako. Usijilazimishe kunisamehe haraka kwa sababu mimi ni mzee na niko peke yangu. Mimi sikufanya haraka kwa mama yako. Nimemwomba shangazi yako anisindikize Jumapili mpaka nyumbani, kaburini, nimwambie mama yako kwamba hatimaye nimesema. Kisha nitakaa na simu karibu. Ukipiga na ukakosa neno la kuniambia, usikate. Acha iwe wazi hivyo hivyo. Nitakaa nawe kimya mpaka utakapotaka.

Baba yako